Mumias irudi kuwa Elureko? Majina ya mahali na biashara ya watumwa huku kwetu magharibi

Mwalimu wa Migosi (mtoa mada)

Wadau, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Migosi hapa Kisumu, na nimefundisha historia miaka 27. Uzi huu ni mrefu. Nimekaa nao moyoni tangu Desemba, nilipokwenda matanga kwa wajomba upande wa Butere, na sasa naona bora niutoe.

Siku ya tatu baada ya mazishi wazee walikaa chini ya mwembe kuhesabu ukoo: nani kamzaa nani, nani kaolewa wapi. Mama mkubwa, ambaye ndiye mkongwe wa nyumba ile, akafika kwa watoto wa babu ya babu yake. Wavulana wanne, akawataja mmoja mmoja. Wasichana watatu. Wa kwanza akamtaja pamoja na mahali alikoolewa, wa pili vilevile. Wa tatu akasema tu, "Huyo alikwenda na watu wa pembe," akaendelea na kizazi kilichofuata. Nikamkatiza, jambo ambalo si adabu mbele ya wazee, nikauliza jina la yule msichana. Akanyamaza. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyelijua.

Tuliosoma shule za Kenya tulikaririshwa kwamba utumwa ni habari ya Unguja, Bagamoyo, Kilwa na Mombasa. Ya huku kwetu yalikuwa reli, misheni na Nabongo, yaani mfalme wa Wanga. Ndivyo nilivyofundishwa na, nasema kwa uchungu, ndivyo nilivyofundisha. Lakini misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikifika Wanga kabla Mzungu wa kwanza hajakanyaga huku. Ilitoka Mombasa na Pangani, ikapitia Naivasha, ikapumzika Baringo kununua chakula kwa Wanjemps, kisha ikapanda na kushuka hadi makao ya mfalme Shiundu. Watu wa misafara hawakuita mahali pale Mumias. Waliita Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu. Msafiri wa Kizungu Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 aliandika jina hilohilo, ijapokuwa Shiundu alikuwa amekwisha kufa na mwanawe Mumia ndiye aliyeketi kitini. Wenyeji wao waliita Elureko. Waingereza walipokuja kuweka kituo cha serikali wakasema kwa Mumia, na hilo ndilo lililobaki kwenye ramani.

Kilichowaleta hasa ni pembe za ndovu. Pembe hutaka mabega ya kuzibeba, na mabega hayo ama unayaajiri ama unayakamata. Ikulu ya Wanga ilipata bunduki, nguo na shanga, na watu wa misafara wakasaidia vita vya Wanga dhidi ya majirani. Hao majirani ndio sisi, au ndio mama zetu.

Basi tangu matanga yale najiuliza. Mji unabeba jina la mfalme aliyewakaribisha, na yule msichana hana jina hata kwenye kinywa cha ukoo wake mwenyewe. Je, si haki mji urudi Elureko?

Msiniambie jina halibadiliki. Kisumu hii iliitwa Port Florence, jina la mke wa Ronald Preston, mhandisi wa reli, reli ilipofika ziwani Desemba 1901. Webuye iliitwa Broderick Falls. Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls, jina la huyohuyo Thomson niliyemtaja. Ghuba yetu ya Winam iliandikwa Kavirondo kwenye kila ramani. Yote hayo tuliyaondoa na hakuna aliyepotea njia. Ya Mzungu tuliyatoa upesi. Tukifika kwa jina letu sisi wenyewe, ulimi unakuwa mzito. Naomba maoni, hasa ya watu wa Mumias wenyewe.

Dereva wa Kondele

Mwalimu, pole kwa msiba. Mimi napiga njia ya Kisumu kwenda Kakamega na Mumias mwaka wa tisa sasa, na ninaloliona ni gharama. Hatimiliki, vyeti vya kuzaliwa, leseni za biashara, majina ya shule na zahanati, vibao vya barabarani, yote yana Mumias. Mama mboga wa sokoni atakwenda kubadilisha cheti chake kwa pesa ya nani? Na utingo ataendelea kuita Mumias kwa sababu abiria ndiye anayemjua. Jina haliko kwenye kibao, liko kwa abiria.

Binti Elureko

Asalaam aleikum. Mwalimu umeniita, nami nimekuja. Mimi ni wa Mumias, babu zangu wote wamezikwa hapa, na umeona jina ninalotumia humu.

Kwanza, pole sana kwa huyo bibi yenu asiye na jina. Nimesoma mara mbili na machozi yamenitoka.

Pili, nakuomba upime maneno. Mumia hakuanzisha misafara. Aliikuta. Baba yake aliwapokea wageni kama mfalme yeyote anavyopokea wageni wenye mali na silaha, wakati jirani zake nao wanataka kumla. Mkisema kana kwamba aliketi juu ya biashara ya watu, mnamfanya kama mwenye soko la watumwa la Mkunazini kule Unguja. Hakuwa hivyo. Alitawala hadi uzee, akafa mwaka 1949, na aliona mengi: misafara, maaskofu, Waingereza waliomtumia kisha wakamweka kando na kuhamishia ofisi zao Kakamega. Mtu wa namna hiyo humfungi kwa sentensi moja.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kila mazungumzo haya yakianza, baada ya muda kidogo yanageuka kuwa Waislamu wa Mumias ni wajukuu wa wauza watu. Dini ilifika hapa na misafara, ndiyo, hatulikatai hilo. Lakini waliobaki wakaoa hapa, wakajenga msikiti hapa, wakafundisha watoto kusoma, wengi wao walikuwa wapagazi na mafundi na wapishi wa misafara. Wengine walikuwa watumwa wenyewe. Mtumwa aliyefika na msafara akabaki Elureko akawa huru, mjukuu wake leo mtamwita nini?

Mimi nalipenda jina Elureko. Nikisikia mtoto analitamka nafurahi. Likirudi kwa sababu tunalipenda, nitakuwa wa kwanza kushika ngazi kibao kibadilishwe. Likirudi kama adhabu juu ya kaburi la Nabongo, nitasimama mlangoni kulizuia.

Mwana wa Chetambe

Naingia kama Mbukusu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kutaka jina la Mumia lifutwe, ni sisi. Wazee wetu wanakumbuka watu wa pwani kama watu wa moto na kamba. Kisha mwaka 1895, Hobley, afisa wao, akiwa amekaa hapohapo Mumias, Waingereza walitujia na askari wa Kisudani pamoja na wapiganaji wa Wanga na wa Buganda. Tukapigwa Lumboka, tukapigwa Chetambe. Ukienda Webuye leo panda kilima cha Chetambe uone handaki lilivyokaa.

Na bado nasema Mumias isibadilishwe.

Nataka mjukuu wangu akipita pale aulize Mumia ni nani, nami nimjibu. Siku utakapoandika Elureko, jina zuri lisilo na kesi, hatauliza. Ushahidi utakuwa umeondolewa mahakamani na hakuna aliyehukumiwa.

Lakini kuna majina ambayo ni lazima yatoke, na sisi tumewahi kulitoa moja. Tuliitwa Kitosh. Ni jina la dharau tulilopewa na wengine, watu wa misafara wakalibeba, wasafiri wa Ulaya wakaliandika vitabuni, serikali ya mkoloni ikaliweka kwenye orodha zake za kodi. Wazee wetu walipigana nalo hadi katikati ya miaka ya 1950, likaondoka, tukaandikwa Babukusu kama tunavyojiita. Hapo hapakuwa na mjadala wa gharama. Mtu anapoitwa kwa jina la kumdharau, kila siku ya kungoja ni siku ya kutukanwa.

Kwa hiyo Mwalimu, mimi sianzii mjini. Naanzia kwa mwenye kuitwa. Je, jina hili linamtukana aliyeumizwa? Mumias halinitukani. Linanikumbusha.

Dereva wa Kondele

Mwana wa Chetambe, hilo la Kitosh sikulijua kabisa. Baba mkwe wangu ni wa Kimilili na hajawahi kulitaja. Asante.

Muuguzi Bristol

Wapendwa, mimi ni mzaliwa wa Khwisero, nafanya kazi hospitalini Bristol, Uingereza, mwaka wa sita sasa. Nimesoma uzi huu nikiwa zamu ya usiku na lazima niseme jambo.

Mji huu ulitajirika kwa meli za watumwa. Edward Colston alikuwa mmoja wa wakubwa wa Royal African Company, kampuni iliyosafirisha makumi ya maelfu ya Waafrika kuvuka Atlantiki, wengi wakafa njiani. Alikufa mwaka 1721. Sanamu yake ilisimamishwa katikati ya mji mwaka 1895. Tazameni mwaka huo. Ni mwaka uleule aliousema Mwana wa Chetambe. Mababu zetu wakipigwa Chetambe, huku mji unamjengea mfanyabiashara wa watu sanamu, miaka 174 baada ya kifo chake. Walioijenga sanamu ile hawakuwa wakikumbuka tu, walikuwa wakichagua wa kumheshimu.

Tarehe 7 Juni 2020 vijana waliifunga kamba wakaiangusha, wakaibingirisha hadi bandarini na kuitosa majini. Mwaka huohuo ukumbi mkubwa wa muziki ulioitwa Colston Hall ukawa Bristol Beacon. Sanamu iliopolewa na sasa imelazwa kwenye jumba la makumbusho, bado na rangi iliyomwagiwa na waandamanaji. Nilikwenda kuiona siku yangu ya mapumziko. Kwangu mimi ilisema zaidi ikiwa imelala kuliko ilivyosema miaka yote iliyosimama.

Kuhusu gharama, ndugu Dereva ana hoja. Toronto kule Kanada baraza la mji liliamua mwaka 2021 kubadilisha barabara ya Dundas, kwa kuwa Henry Dundas analaumiwa kwa kuchelewesha kukomeshwa kwa biashara ya watumwa bungeni Uingereza. Hesabu ya gharama ikapanda hadi zaidi ya dola milioni 11 za kwao. Desemba 2023 wakaiacha barabara na jina lake, wakabadilisha jina la uwanja ulio kwenye barabara hiyo, ukawa Sankofa Square.

Lakini lililonifanya niandike si hayo. Nilimuuguza mama mmoja mzee, wazazi wake walitoka Jamaika. Siku moja, watu wakibishana kwenye televisheni kuhusu majina ya mitaa, akaniambia, "Jina langu la ukoo ni la mwenye shamba aliyemmiliki babu yangu. Mtaa watabadilisha. Mimi nibadilishe lipi, niliwekee lipi?" Sikuwa na jibu. Nimesoma habari ya yule msichana wa Butere nikamkumbuka.

Mzawa wa Kisauni

Assalam aleikum, na wasiokuwa wa salamu hiyo, hamjambo. Najua uzi ni wa bara lakini ruhusuni mtu wa Mombasa aseme, maana haya ndiyo maisha yetu.

Mimi natoka nyumba ya watu wa misheni. Kwetu neno "mmisheni" likitamkwa kwa namna fulani lilikuwa na maana ya mtu asiye na kabila, mtu aliyetolewa jahazini. Bibi alikuwa akifunga dirisha watu wakianza kuulizana asili. Kwa hiyo Mwalimu, nyumba yenu kukosa jina la yule binti, kwetu tumekosa majina ya wote waliotangulia.

Sasa kuhusu majina ya mahali. Frere Town ilipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sultani Barghash afunge soko. Church Missionary Society wakaanzisha kijiji pale kwa ajili ya walioachwa huru. Palikuwa na kengele, ikipigwa watu wajue wakamataji wanakuja. Leo ukipanda matatu husemi kwa Bwana Frere, unasema Kengeleni. Hakuna kamati iliyokaa. Watu walipaita mahali pale kwa kile kilichowaokoa. Vilevile Shimoni kule Kwale, pango wanaloonyeshwa wageni, jina ni la pango lenyewe. Akija mtu kuniambia Shimoni ibadilishwe kwa kuwa inaumiza, nitamwambia tuachie maumivu yetu, ndiyo hati pekee tuliyonayo.

Tena nataka niwape watu wa Mumias zawadi. Mwaka 1885 Askofu Hannington alisafiri kwenda Buganda kwa njia ya huko kwenu. Msaidizi wake mkuu alikuwa Mchungaji William Jones, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik kule India, akarudi Rabai akawa mtumishi wa kanisa. Walipofika Kwa Sundu, Askofu akachukua watu 50 akatangulia, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Hannington akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones akakaa hapo Kwa Sundu akingoja habari, wiki baada ya wiki, kisha akauongoza msafara kuurudisha hadi Rabai kwa miguu.

Fikirini. Mahali palepale ambapo watu walifungwa na kupelekwa pwani, mtu aliyewahi kufungwa alikuja kwa miguu yake, akiwa huru, akiongoza watu. Je, kuna hata uchochoro Mumias wenye jina la Jones?

Binti Elureko

Wallahi sijawahi kulisikia jina hili. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa. Habari za Askofu Hannington tulisikia. Za Jones hakuna.

Mkazi wa Bondeni, Nakuru

Niulize. Kwa nini tunasimama kwa Waarabu na Waswahili peke yao? Hapa Nakuru jina la Delamere, yule mlowezi wa Kizungu, liko kila pembe. Babu yangu alikuwa skwota, kipande shingoni ndani ya kikopo cha bati, hawezi kuondoka shambani bila sahihi ya bwana wake. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia wanaume wa Nyanza walikamatwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa Carrier Corps wakafia Tanganyika. Huo si utumwa? Majina ya mashamba yale mbona hayamo kwenye mada?

Mwalimu wa Migosi (mtoa mada)

Ndugu wa Bondeni, karibu. Uchungu wako ni wa haki, ila mimi siutii kwenye kapu moja. Mpagazi wa Carrier Corps alilazimishwa, alidhulumiwa, wengi walikufa, lakini sheria haikumfanya mali ya mtu ya kurithiwa na watoto wa mwenye mali. Utumwa huo wa kumilikiwa, hapa Kenya, hadhi yake kisheria ilifutwa mwaka 1907, miaka 34 baada ya soko la Unguja kufungwa. Ninalinda maana ya neno kwa sababu likienea kila mahali, yule msichana atapotea mara ya pili.

Ila umenikumbusha kitu. Kariokor ya Nairobi ni hao Carrier Corps. Neno la kijeshi la Kiingereza, watu wakalitafuna hadi likawa lao, na mpaka leo linawataja waliokufa kila utingo anapoita abiria. Ni kama Kengeleni. Naanza kuona jambo ambalo sikuliona nilipoufungua uzi.

Mkazi wa Bondeni, Nakuru

Sikubali moja kwa moja lakini nimekuelewa. Nitafungua uzi wa mashamba peke yake.

Mvuvi wa Dunga

Nyote mnapiga mbizi mtoni na ziwa liko mbele yenu. Jina la Victoria mnalilinda kwa nini? Sisi kwetu ni Nam Lolwe. Waganda wana Nalubaale. Speke, msafiri wa Kiingereza, alilifikia mwaka 1858, akaliita jina la malkia wake siku zilezile za mwanzo, na wavuvi waliokuwa majini asubuhi hiyo hawakuulizwa.

Mwalimu wa Migosi (mtoa mada)

Mvuvi, umenishika mahali ninapopenda kushikwa. Speke hakuja peke yake. Alifuata njia ya misafara ya watumwa na pembe kutoka pwani hadi Tabora, akapanda kaskazini mpaka ziwani upande wa Mwanza. Aliyekuwa naye ni Sidi Mubarak Bombay, Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipokufa, akarudi Unguja. Baadaye akawa mkuu wa msafara wa Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na msafiri mwingine, Cameron, kutoka bahari hadi bahari. Alikwenda kulitazama ziwa hili siku ile akiwa mtu aliyejua utumwa kwa ngozi yake. Nimezunguka Kisumu yote, kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hadi Nyalenda, na sijawahi kuona kibao chenye jina lake.

Na ziwa linaweza kubadilishwa jina. Minneapolis kule Marekani walikuwa na ziwa Calhoun, jina la mwanasiasa aliyeutetea utumwa hadi kufa kwake. Mwaka 2018 jimbo likarudisha jina la Wadakota, Bde Maka Ska. Wakaenda mahakamani, mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo ikalipitisha. Gambia nako, kisiwa cha James katikati ya mto, palipokuwa na ngome ya kufungia watu, mwaka 2011 kikawa Kunta Kinteh, jina la aliyechukuliwa badala ya jina la aliyechukua. Letu ni gumu zaidi kwa sababu lina nchi tatu na kila nchi ina jina lake, na Lolwe likikubaliwa Kisumu litakataliwa Entebbe. Mimi nitaendelea kusema Lolwe nyumbani kwangu, na wajukuu wanalijua.

Mvuvi wa Dunga

Basi andika na la huyo Bombay mahali. Hata ufuo wa kuanika omena unatosha.

Mwalimu wa Migosi (mtoa mada)

Wadau, nimelala juu ya maneno yenu siku mbili. Nataka nirudi kwenye swali langu la kwanza na nikiri nimehama.

Nilikuja nikitaka Mumias ifutwe. Nilikuwa na hasira ya matanga, na hasira ile ilitafuta mtu wa kuikalia. Binti Elureko ameniambia nisirudishe jina kama fimbo. Mwana wa Chetambe, ambaye watu wake waliumia kuliko wangu, amesema acheni ushahidi ukae. Siwezi mimi mtu wa Migosi kumnyang'anya ushahidi wake.

Lakini sitaki tuishie kwenye kuacha mambo yalivyo, maana yalivyo ni kimya. Mtu akishuka steji ya Mumias leo, hakuna kinachomwambia kwamba mahali hapa paliitwa Kwa Sundu na ulimwengu mzima wa misafara. Hakuna kinachosema waliondoka hapa watu wakiwa wamefungwa. Pwani wana pango, wana kengele, Unguja wana kanisa juu ya soko. Sisi hatuna hata jiwe. Kosa letu ni kwamba hakuna jina lolote la waliochukuliwa.

Kwa hiyo pendekezo langu sasa ni dogo na linawezekana. Mji ubaki Mumias. Jina Elureko liandikwe chini yake kwenye vibao vya kuingilia mjini, kwa heshima, kwa kuwa lilikuwepo kwanza. Barabara moja, na iwe ya kupita watu wengi, iitwe William Jones. Na pale misafara ilipopiga kambi pawekwe jiwe lenye habari kamili, pamoja na habari za ikulu kupata bunduki, bila kuficha na bila kutukana. Mambo haya ya barabara yako mikononi mwa kaunti. Wananchi wanaweza kuandika ombi wakalipeleka bunge la kaunti ya Kakamega, wakaitwa kutoa maoni. Mimi nitaandika rasimu. Sitaipeleka bila mtu wa Mumias kuwa wa kwanza kutia sahihi.

Mzawa wa Kisauni

Kwenye jiwe msisahau kuandika kwa Kiluhya na Kiswahili. Kiingereza kije cha tatu.

Mwana wa Chetambe

Mtu wa Webuye atatia sahihi pia. Ila neno "majirani" kwenye rasimu lisitumike hivihivi. Tutajwe.

Binti Elureko

Mwalimu, nimesoma yote kwa sauti, babu akisikiliza. Ana miaka 91 na macho yameondoka lakini masikio yapo. Ulipofika pale pa kambi akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema pale misafara ilipokuwa ikilala anapajua, alionyeshwa na baba yake wakienda kuchunga ng'ombe, na kwamba zamani wanawake hawakupenda kupita hapo na watoto wadogo. Sasa ni shamba la miwa la watu. Anasema akipelekwa kwa boda hadi mwisho wa njia anaweza kuhesabu hatua kwa fimbo.

Akauliza pia kama huko kwenu Butere mnajua ukoo wa mama wa yule msichana. Anasema kuna nyimbo za mazishi ambazo bibi zake walikuwa wakiwataja waliochukuliwa, kwa jina la mama zao.

Mwalimu wa Migosi (mtoa mada)

Nimempigia mama mkubwa sasa hivi. Mama yake yule msichana alikuwa wa Marama, na jina la ukoo amelikumbuka. Sitaliandika humu. Jumamosi nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, nitakuwa Mumias kabla ya saa tatu. Mwambie babu nakuja na daftari, na kama afya yake inaruhusu, aanze na nyimbo.